Siku Themanini na Tatu za Mwanalima

Mwanalima binti Fakihi alikuwa mcheshi mpaka akikera. Nilipomweka ndani siku saba kabla ya harusi yake, nimfunde mambo ya unyumba kama nilivyofundwa mimi, hakuna jambo aliloliacha lipite bila kicheko. Nikimwambia mke huamka kabla ya mumewe, aliniuliza, "Na akiamka yeye kwanza, somo, nijifanye nimelala?" Nikimfundisha namna ya kukaa mbele ya mama mkwe, aliniigizia Mwanamwema, mama mkwe mwenyewe, akitafuna tambuu huku shavu limejaa, mpaka nami nikasahau heshima yangu nikacheka. Mimi ni Kulthumu binti Gharibu, somo wa Chovae, kisiwa chetu kusini mwa Kismayo. Nimewafunda wasichana wengi wa kisiwa hiki na wengine hata majina yao yamenitoka. Huyu hajanitoka, wala sistahili anitoke, kwani niliyemfunda kwa mikono yangu ndiye niliyemharibia kwa mdomo wangu.

Mamake alifariki yeye angali ananyonya. Babake, fundi wa mashua, alijua zaidi kuchonga mbao kuliko kulea binti, basi mtoto akalelewa nyumba hadi nyumba, na aliyoipenda ni yangu. Alijifunza kusuka ukili mlangoni pangu. Mikeka yake ilikuwa mizuri na imara, ila hakuwa na subira ya kupunguza ncha zake. Aliziacha zikining'inia pembeni, akisema mkeka nao una haki ya kufuga ndevu. Nilimgombeza, naye akaendelea vile vile, na watu wakainunua.

Kwetu kazi ya somo haiishii harusini. Somo ndiye anayemkabidhi bibi harusi kwa mama mkwe, akisema mbele ya wanawake wote, "Huyu ni amana, na dhamana ni mimi." Tangu siku hiyo aibu ya msichana ni aibu ya somo wake. Akiugua maradhi ya kike, wa kwanza kuitwa ni somo. Na ujuzi mkubwa wa somo ni hesabu ya siku: siku za hedhi, siku arobaini za uzazi, miezi minne na siku kumi za eda ya mjane, na siku za mke ambaye mumewe yuko dagoni, kule kambini wavuvi wanakokaa miezi wakivua papa na kumkausha. Mimi nilihesabu kwa mafundo katika kamba ya ukili, fundo moja kwa siku, kamba moja kwa kila mwanamke, zote zimetundikwa nyuma ya mlango wangu. Wanaume walikuwa na kalenda ya dukani, wanawake walikuwa na kamba zangu. Hakuna aliyewahi kunikuta nimekosea, na kiburi changu kilitoka hapo.

Ilikuwa mwaka wa sabini na nne, ule ambao wanafunzi waliletwa kutoka mijini kutufundisha kusoma Kisomali. Hussein, mumewe Mwanalima, alikuwa dagoni upande wa kusini. Mke alibaki na mtoto wao, Mwanabibi, ambaye hata miaka miwili hakuwa ametimiza. Mwanalima akapigwa na homa ya malaria, siku tatu hakuinua kichwa. Siku ya nne akamtuma jirani aniite. Nilimkuta amejikunja kwenye kitanda cha kamba, akanambia kwa kunong'ona kuwa anaungua akienda haja ndogo. Nikamfunua nguo nikatazama. Yalikuwa malengelenge madogo madogo yamekusanyika pamoja kama mayai ya samaki, na mengine yamekwisha kupasuka yakawa vidonda.

Sikuwahi kuona kitu kama kile. Nilikuwa nimesikia tu, kwa wanawake wa Kismayo, habari za maradhi ya wanawake wa bandarini. Mtu mwenye akili angesema sijui, mpelekeni mjini. Mimi nilirudi nyumbani, nikatoa kamba ya Mwanalima nyuma ya mlango, nikahesabu. Siku themanini na tatu tangu Hussein aondoke. Nikajiambia, moto ukigusa ngozi lengelenge hutoka siku ile ile, halingoji miezi mitatu. Basi hili halikutoka kwa Hussein. Limetoka kwa mwingine. Naona haya kusema, lakini nilifurahi kidogo kwa kuwa nimepata akili ya kulijua.

Nikamrudia kitandani.

"Ni mchu gani?" nikamuuliza, kwani kwetu mtu ni mchu.

Alicheka, pamoja na homa na maumivu yake yote. Alidhani ni zamu yangu ya kumtania.

"Mchu gani wa nini, somo?"

"Aliyekupa haya."

Kicheko kikakatika. Alinitazama, akaona sitanii, machozi yakamtoka.

"Wallahi, somo, simjui mchu ila Hussein. Nipa msahafu niape."

"Usiongeze dhambi juu ya dhambi," nikamwambia, nikainuka.

Sikutangaza mitaani. Ningetangaza, huenda mtu mmoja angenikatalia. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mwanamwema, kwa kuwa ndiye niliyemkabidhi amana, nikaona ni wajibu wangu kumwambia imeharibika kabla hajaambiwa na wengine. Nilikuwa nalinda jina langu, na nikaliita jambo hilo uaminifu. Mwanamwema akatema tambuu yake, akaniuliza neno moja tu, "Una yakini?" Nami nikamjibu, "Nimehesabu." Hakuuliza la pili.

Hussein aliporudi alikuja kwangu kabla ya kwenda kwake. Akaketi upande wa pili wa pazia, harufu ya papa bado mwilini.

"Somo," akasema, "weye wasemaje?"

"Nasema siku themanini na tatu," nikamjibu.

Nilimsikia akivuta kamasi. Alimpenda mkewe, na mimi nilijua hivyo. Baada ya sala ya alasiri akamwandikia talaka. Kabla ya kuoa, Hussein alikuwa baharia miaka sita, leo Mombasa, kesho Mogadishu, na hakuna hata mmoja wetu aliyemuuliza kitu. Mwanamume hana somo wa kumfunua nguo.

Wanawake wakaja kuniuliza wafanyeje, nami nikawajibu, kwani somo haulizwi akakosa jibu. Nikawaambia watenge kikombe chake. Nikawaambia apewe ndoo yake kisimani, na siku aliposahau akateka kwa ndoo ya wote, ile ya wote ikatupwa. Mikeka yake ikaviringishwa ikawekwa nje. Kisha wakaniuliza juu ya mtoto, na hapo pia nikajibu. Nikasema vidonda vitamwingia. Mwanamwema akamchukua mjukuu wake siku hiyo hiyo, na mtoto akalia mpaka sauti ikakauka, nami nilisikia, nyumba yangu si mbali.

Asubuhi aliyoondoka kwenda Kismayo kwa shangazi yake, Mwanalima alipita mlangoni pangu na kifurushi chake. Akasimama akaniamkia kama alivyoniamkia siku zote. Aliniamkia, na mimi sikumwitikia.

Hiyo ndiyo Chovae aliyoiacha. Mwanabibi akakua kwa bibi yake. Alipoanza kuuliza, aliambiwa mamake alimwacha akaenda na mtu. Nilikuwapo alipoambiwa mara ya kwanza. Nilikuwa nachambua mchele, nikaendelea kuchambua.

Mume wangu, Khamis, alifariki mwaka wa sabini na nane, Mungu amrehemu. Nilimkalia eda, nikaihesabu mwenyewe, na baada ya hapo sikutaka mume mwingine. Miaka tisa nilikaa hivyo, mwanamke wa sala na mikeka. Halafu mwaka wa themanini na saba, kusi ilipoanza, malaria ikanipiga vibaya. Siku ya tano homa ilipopungua nikaanza kuungua nikienda haja ndogo. Nilifunga mlango, nikatafuta kioo, nikajitazama. Nikaketi sakafuni papo hapo.

Yalikuwa yale yale. Mahali pale pale, yamekusanyika vile vile, na mengine yamepasuka.

Siwezi kuieleza hofu ya saa ile. Kwanza nilifikiri ni uchawi. Kisha nikafikiri nimeyapata chooni. Mwisho zikaja zile hesabu zangu, nami sikuwa na pa kukimbilia. Miaka tisa bila mume! Kwa hesabu yangu mwenyewe nilikuwa mzinzi, na mimi peke yangu chini ya mbingu, baada ya Mola wangu, nilijua sivyo. Ndipo nikakumbuka msichana aliyesema hivyo hivyo akaomba msahafu.

Nikawaambia watu goti linanisumbua, nikapanda mashua ya injini mpaka Kismayo. Huko kulikuwa na muuguzi wetu mmoja, Umi binti Mahmudi, mtu wa kisiwa cha Koyama aliyesomea kazi yake Mogadishu. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye vipuli vya dhahabu na maneno mengi. Nikamwambia habari za goti. Akanitazama ninavyokaa.

"Bibi," akasema, "goti liko chini, na weye wakaa upande kama mchu aliyeungua juu. Mficha uchi hazai."

"Mimi nimekwisha kuzaa nikamaliza," nikamjibu kwa ukali.

"Basi huna sababu ya kuficha."

Akanipima, akaosha mikono, akaketi karibu yangu, na hakuonyesha kunichukia hata kidogo. Hilo peke yake liliniliza. Akanieleza kuwa ni kijidudu, madaktari hukiita herpesi. Huingia ngozi kwa ngozi, watu wanapolala pamoja, kisha huenda kulala ndani ya mishipa ya fahamu, huku chini ya mgongo. Mara ya kwanza huweza kupita mtu asione kitu. Halafu siku mwili ukichoka, homa ikija, kinaamka kinatoa malengelenge, yanapona, nacho kinarudi kulala.

"Chaweza kulala siku ngapi?" nikauliza.

"Siku? Miaka, bibi. Wengine hakiwaamkii maisha yao yote. Wengi wanacho na hawajui, na waliowapa nao hawakujua."

"Mimi nina miaka tisa bila mume."

"Hata ishirini."

Nikamuuliza dawa. Akasema ya kukiua haipo, lakini nioshe kwa maji ya chumvi, nikaushe vizuri, nisivae nguo ya kubana, na baada ya wiki mbili hivi nitakuwa mzima. Vikirudi, mara nyingi huja vyepesi zaidi. Mwenye mume asilale naye vidonda vikiwapo, na wote wawili wajue kuwa hata visipoonekana huenda kikapita. Mja mzito amwambie mkunga wake mapema, kwa usalama wa mtoto. "Basi," akasema. "Malaria iliyokuleta ndiyo ya kuogopwa. Hiki huua watu kwa haya tu."

"Na kikombe?" nikauliza. "Na ndoo ya kisimani? Na mkeka?"

Umi akacheka. "Nani alokwambia? Hakipiti kwa kikombe, wala kwa maji, wala kwa mkeka. Na hivi vidonda vya midomo, vinavyotoka mchu akipata homa, ni jamaa yake hiki. Vile hutuingia wengi wetu utotoni kwa mabusu. Umeona mchu aliyefukuzwa mji kwa mdomo?"

Sikuona. Kila mwaka kaskazi ikianza, Mwanamwema hutoka malengelenge pembeni mwa mdomo, huyaita homa, na hunywa kahawa yake katika vikombe vya wote. Nyani haoni kundule. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nikimmiminia.

Swali la mwisho nililiuliza nikitazama mlango. "Mwanamke mumewe yuko baharini siku themanini na tatu, vikamtoka. Ni mzinzi?"

"Siku hazisemi kitu," Umi akajibu. "Hakuna daktari awezaye kukitazama kidonda akajua kimetoka kwa nani, wala mwaka gani. Kidonda si shahidi wa kumtia mchu hatiani, wala si shahidi wa kumtoa."

Nilikuwa na kiapo cha mtoto niliyemlea, na kidonda kisichojua kusema. Nikaamini kidonda. Na ajabu ni hii: nilipokuwa nikitoka pale nilikuwa nimekwisha kumsamehe Khamis. Kama ni yeye aliyenipa, nikajiambia, maskini hakujua. Marehemu nilimpa udhuru kwa hatua kumi, na msichana aliye hai nilimnyima miaka kumi na mitatu.

Umi alijua anakokaa Mwanalima, kwa shangazi yake mtaa wa Alanley. Shangazi alikuwa amekufa, na Mwanalima alibaki peke yake katika chumba kimoja na ua, akikaanga mahamri ya kuuza. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na mitano na kichwa chake kimejaa mvi. Aliponiona alifuta mikono, akanibusu mkono wangu, akanikaribisha. Nilingoja anitanie. Hakunitania. Akaleta birika na vikombe viwili, na kimoja kilikuwa na uzi mwekundu umefungwa kwenye kishikio. Akanimiminia mimi kile kitupu, yeye akachukua cha uzi.

"Wa nini uzi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Kisichanganyike na vya wageni," akasema.

Aliishi peke yake, na bado alikuwa anajitenga na vyombo vyake mwenyewe, kwa amri yangu.

Akanisimulia bila kuulizwa, kwa upole, kama mtu anayemweleza daktari. Vidonda hurudi mara moja kwa mwaka, siku hizi hata mwaka mzima hupita. Wanaume wawili walimposa akawakataa. Amefunga miezi miwili mfululizo, mara tatu, kuomba msamaha.

"Msamaha wa nini?" nikasema. "Si uliapa?"

"Naliapa," akasema. "Lakini weye hukosei siku, somo. Nikafikiri labda nalitenda nikiwa na homa, nisijijue. Au nalitenda usingizini. Nimefikiri sana, sikumbuki."

Nimezika watoto wawili na mume mmoja, na sijawahi kusikia maneno yaliyoniuma kama hayo. Nilidhani nimemwonea mtu anayejua kuwa ameonewa. Kumbe hata hilo nilimnyang'anya. Nikamwambia yote, ya Umi na ya kijidudu na ya miaka. Nikamwambia kuwa nami ninavyo, sasa hivi, hapa nilipokaa. Nikashuka kitini nikamshika miguu, nikamwomba radhi.

Hakuniinua, wala hakunisukuma. Mafuta ya mahamri yakaanza kutoa moshi uani, akainuka akaenda kuyaondoa motoni, akarudi.

"Mwanabibi aambiwa nini juu yangu?" akauliza.

Nikamwambia ukweli.

"Usinambie mimi, somo," akasema. "Mimi nalikuwapo. Waambie wao."

Nikaahidi. Nikarudi Chovae, vidonda vikapona kama Umi alivyosema, nami nikanyamaza. Kila Ijumaa nilisema nitasema. Nilijiambia nangoja wakati mzuri, lakini hakuna nilichongoja. Niliogopa kikombe. Niliogopa kutengewa ndoo katika uzee wangu, na msichana wa miaka ishirini na miwili nilimbebesha hayo nikaenda zangu kula. Miezi mitano ikapita hivyo, na katika miezi hiyo Mwanabibi akaposwa, na Mwanamwema akanifuata mimi niwe somo wake. Nikakubali. Kila siku nilikwenda kumfunda. Ana macho ya mamake, lakini si mcheka. Siku moja aliniuliza kama ni kweli tabia ya mama humfuata binti, kwa kuwa anaogopa asije akamwacha mumewe akaenda na mtu. Nikamjibu asifikiri mambo hayo.

Siku ya kumkabidhi ikafika. Wanawake walijaa chumbani, masinia ya wali yameshateremshwa, na Mwanabibi ameketi katikati amefunikwa leso, mikono imepakwa hina mpaka viwikoni. Mama mkwe wake aliketi mbele yake kupokea, na Mwanamwema kando yao. Ilikuwa zamu yangu kusema yale maneno. Nikasema, "Huyu ni amana." Yale ya "na dhamana ni mimi" hayakutoka. Nilijaribu mara mbili. Wanawake wakaanza kutazamana.

Basi nikasema mengine. Nikasema mimi, Kulthumu, kusi iliyopita nilitokwa na vidonda vile vile nilivyoviona kwa Mwanalima. Nikasema ni ugonjwa unaolala miaka mwilini, kwamba hesabu yangu ilikuwa ujinga, kwamba Mwanalima aliapa nami nikakataa kiapo chake, na kwamba kikombe na ndoo na mkeka niliyatunga mimi kwa kiburi cha kutosema sijui.

Aliyekuwa karibu yangu alisogea. Mwingine akavuta sinia upande wake. Kila nilichokiogopa miezi mitano kilitokea kabla sijamaliza kusema.

"Khamis ana miaka tisa kaburini," akasema Mwanamwema, taratibu. "Hebu tuhesabie weye, somo. Vimetoka kwa nani?"

Mtu nyuma akacheka akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikawaambia wacheke, ni haki yao. Nikamwambia Mwanamwema kuwa vya mdomo wake ni jamaa ya hivi, na hakuna aliyemnyang'anya mtoto kwa ajili yake. Hapo kicheko kikaisha, na nikaona mikono miwili mitatu ikigusa midomo. Siku zilizofuata watatu kati yao walinijia kwa mlango wa nyuma, mmoja mmoja, kila mmoja akiuliza kwa niaba ya binamu yake. Lakini siku ile hakuna aliyenisemea.

Mwanabibi akajifunua leso. Bibi harusi hajifunui, na hakuna aliyethubutu kumfunika.

"Mamangu hakwenda na mchu?" akaniuliza.

"Hakwenda na mchu. Alifukuzwa, na aliyemfukuza ni mimi."

"Yu hai?"

"Yu Kismayo. Anauza mahamri."

"Na weye umelijua hili tangu lini?"

Nilitamani aniulize jingine lolote. "Tangu kusi," nikasema.

Hakulia. "Wanifunda kila siku," akasema, "nawe walijua hili." Kisha akamgeukia bibi yake akasema hatoki mle ndani mpaka mamake aje, na kama bwana harusi hawezi kungoja, basi aoe mwingine.

Bwana harusi alingoja. Hussein alikuja akasimama nje ya ukuta wangu, akauliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Akaenda kutayarisha mashua, akamtuma nduguye amlete Mwanalima badala ya kwenda mwenyewe. Sikumlaumu. Somo mwingine aliitwa amalize kazi yangu, na mimi nikaambiwa nikae kwangu.

Siku ya nne, baada ya adhuhuri, mashua ikaonekana. Wanawake wakashuka ufukoni, nami nikashuka, nikasimama mbali nao kama ilivyonistahili. Umi alikuwa amekuja pia, na sanduku lake la chanjo za watoto. Mwanalima alikuwa amemwambia hawezi kuingia Chovae peke yake. Maji yalikuwa yametoka, mashua ikakwama mbali kidogo, wakashuka wakatembea majini. Umi alitangulia, buibui lake jipya, vipuli vyake vya dhahabu viking'aa, amenyooka kama mwenye mji. Mwanalima alikuwa nyuma, buibui limepauka, mvi zimechungulia ushungini, na anatazama chini anapokanyaga.

Mwanabibi alitoka mbio kati ya wanawake, hina bado mikononi. Akaingia majini mpaka magotini, akamrukia Umi shingoni. "Mama," akasema. "Mama, mama," na akalia kile kilio ambacho hakukilia mbele yetu.

Umi alibaki na mikono hewani. Sanduku lilimwanguka. Nyuma yake Mwanalima alisimama kabisa, hakuita wala hakusogea. Alikuwa anangoja mwanawe amalize kumkumbatia mtu mwingine. Wanawake wote waliokuwa pale walimjua Mwanalima, na hakuna aliyefungua mdomo. Hussein, aliyesimama kando ufukoni, aligeuza uso.

Ikabidi niseme mimi. Nikaingia majini, nikamshika msichana bega, naye akageuka akanitazama kwa chuki.

"Si huyo, mwanangu," nikamwambia. "Mamako ni yule wa nyuma."